Mnili, Kichaka Kinachoishi Penye Ukame

Siku ya soko Ekero, karibu na Mumias, suruali za jinzi za mitumba hutundikwa kwenye kamba tangu asubuhi. Mnunuzi mjuzi hukunjua pindo la mguu, mahali jua halijafika, akaona buluu ilivyokolea.

Buluu hiyo Waswahili huiita nili, na mmea wake mnili. Wataalamu huuita Indigofera, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Ni jenasi ya jamii ya kunde, yenye spishi zipatazo 750, nyingi zikiwa za Afrika. Majani ya baadhi yake huvundikwa majini, kisha maji yakakorogwa mpaka yapate hewa. Hapo ndipo buluu hujitokeza na kutuama chini kama tope. Indigofera arrecta, mzaliwa wa Afrika, ilipelekwa hadi Java na kulimwa huko kwa ajili ya rangi. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya viwandani, na mashamba ya mnili yakapoteza soko.

Lakini jenasi hii haikuumbwa kwa ajili ya nguo tu. Huku Kakamega mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na miwa hustawi. Lodwar, kaskazini katika Turkana, hupata takriban milimita 200. Huko huota Indigofera spinosa, kichaka kifupi chenye miiba, ambacho hata mbuzi hukiinamia. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni kuni kavu. Mvua ikinyesha kidogo tu, vijani vidogo huchipuka upesi. Mbuzi, kondoo na ngamia hukitegemea sana, na maziwa yao ndiyo mlo wa watoto wa wafugaji.

Tumezoea kuliita eneo kame nchi tupu, eti kwa sababu halina mahindi wala miwa. Huko ni kukosea. Kichaka kisichofika gotini kinashikilia udongo usipeperushwe na upepo, na kinalisha mifugo mahali ambapo jembe haliwezi kitu. Kikikatwa ovyo au kikilishwa kupita kiasi, mfugaji hana ghala jingine la kukimbilia.

Wazazi na walimu wa Ekero, wafundisheni watoto jina la mnili. Nao viongozi wanaopanga matumizi ya ardhi ya kaskazini wawaulize wafugaji kwanza: malisho yale yana wenyewe, na yana kazi.