Matone ya Kuondoa Wekundu wa Macho

Tetrahidrozolini na nafazolini, dawa zilizomo kwenye matone haya, hufanya kazi ndani ya dakika chache: hubana mishipa midogo ya damu kwenye weupe wa jicho, na wekundu hupotea. Kilichouleta, kiwe vumbi, moshi au kirusi, hubaki palepale. Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam, chanzo kilikuwa kirusi, na matone haya hayaui kirusi.

Hatari iko kwenye mazoea. Mtu akiyatumia mfululizo, mishipa hutanuka zaidi dawa inapoisha nguvu. Jicho huwa jekundu kuliko awali, naye huongeza tone jingine. Ndiyo maana matone haya hayafai kutumiwa zaidi ya siku 3, wala zaidi ya mara 4 kwa siku.

Mtumiaji anawe mikono, avue lenzi, avute kope ya chini na kudondosha tone 1 bila ncha ya chupa kugusa jicho. Mwenye glakoma aulize daktari kwanza. Maumivu makali au kuona ukungu ni jambo la hospitali, si la duka la dawa.

Watoto je? Mwaka 2012, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba mtoto mdogo akimeza hata mililita 1 au 2 za matone haya anaweza kudhurika vibaya. Chupa ifungiwe kabatini.