Hesabu za Shamba Zatangulia Mavuno
Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilianzishwa mwaka 1984 kutokana na kilichokuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo wanafunzi hujifunza udongo, mbegu na wadudu waharibifu. Lakini somo la usimamizi wa shamba hufundisha kwamba mavuno mengi si lazima yawe faida. Mkulima aliyevuna magunia 20 kwa eka aweza kubakiwa na fedha kidogo kuliko jirani aliyevuna 15, iwapo gharama za mbolea, vibarua na usafirishaji zimemeza ziada hiyo.

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Katibu wa chama hana budi kumsaidia kila mwanachama kuandika gharama tangu siku ya kulima, ili mkopo wa pembejeo uombwe kwa kipimo, na deni lisizidi mavuno.