Kompyuta ndogo za usanifu: Mnunuzi wa Mwanjelwa apige hesabu kwanza

WAFANYABIASHARA wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wanaotaka kuweka fedha zao katika kompyuta ndogo zenye nguvu kwa ajili ya kazi za usanifu, wanapaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kulipa. Mashine itafanya kazi kwa muda gani umeme ukikatika? Itatengenezwa wapi ikiharibika? Na itauzwa kwa nani baada ya miaka mitatu?

Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni swali la nne.

Mwanjelwa, iliyo kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, inajulikana zaidi kwa mchele, viazi na nguo za mitumba kuliko kompyuta. Soko lake la zamani liliteketea kwa moto Desemba 2006, na jipya likajengwa baadaye. Hata hivyo, penye biashara ya namna hiyo hapakosi kazi ya usanifu. Duka jipya linahitaji bango, harusi inahitaji kadi na video, na anayejenga nyumba anataka kuona sura yake kabla ya kununua tofali la kwanza.

Kwa miaka mingi kazi hizo zilidai kompyuta kubwa ya kusimama, inayojaza nusu ya meza. Hali ilianza kubadilika Novemba 2016, kampuni ya HP ilipotangaza Z2 Mini, mashine yenye kimo cha sentimita 6 hivi lakini yenye kadi ya michoro ya kitaalamu ndani yake. Mwaka 2017 Lenovo ilifuata na ThinkStation P320 Tiny. Apple ilitoa Mac Studio Machi 2022, kisha mwaka 2024 ikatoa Mac mini ya prosesa ya M4, yenye upana wa sentimita 12.7 tu kila upande. Mwaka 2025 ilikuja HP Z2 Mini G1a, ambayo kumbukumbu yake inaweza kufika GB 128.

Udogo peke yake haumaanishi usanifu. Zipo kompyuta ndogo za ofisini zinazofanana nazo kwa umbo, lakini hizo ni za barua na mahesabu. Tofauti iko katika uwezo wa michoro, yaani sehemu inayogeuza mistari ya ramani kuwa picha yenye kuta, kivuli na mwanga.

KAZI GANI?

Mnunuzi aanze na kazi aliyonayo. Anayechora ramani za kawaida kwa AutoCAD anahitaji zaidi prosesa yenye kasi, na mashine ya kiwango cha kati inamtosha. Anayetengeneza picha za nyumba kwa programu kama Lumion au Twinmotion anahitaji kadi ya michoro yenye nguvu. Anayehariri video za harusi anahitaji pia nafasi kubwa na ya kasi ya kuhifadhia.

Jambo jingine ni programu yenyewe. Revit imetengenezwa kwa Windows, hivyo anayeitegemea asikimbilie Mac kwa sababu ya umbo lake zuri. ArchiCAD inafanya kazi pande zote mbili, na Blender haina malipo kabisa. Leseni za kulipia kila mwezi au kila mwaka nazo ziingizwe katika hesabu ya mtaji, kwa kuwa hazilipwi mara moja zikaisha.

UMEME

Wauzaji hupenda kusifu mashine hizi kwa kula umeme kidogo. Ni kweli, lakini faida hiyo ipimwe vizuri.

Tuchukue mfano wa kompyuta kubwa inayotumia wastani wa wati 250 na ndogo inayotumia wati 80, zote zikiwashwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kubwa itakula uniti 65, na ndogo uniti 20.8. Kwa makadirio ya sh. 350 kwa uniti, kubwa itagharimu sh. 22,750 kwa mwezi na ndogo sh. 7,280. Tofauti ni sh. 15,470.

Iwapo mashine ndogo imezidi bei kwa sh. 800,000, itachukua zaidi ya miaka minne kurudisha ziada hiyo kwa umeme wa LUKU pekee. Kwa mfanyabiashara mdogo, muda huo ni mrefu mno.

Faida kubwa inaonekana umeme unapokatika. Betri ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200 hivi. Betri za kawaida za risasi hazipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, na inveta nayo hula sehemu yake, hivyo zinabaki kama wati-saa 500 za kufanyia kazi. Kompyuta kubwa pamoja na kioo cha wati 30 itazimaliza kwa muda usiofika saa mbili. Ndogo, pamoja na kioo hichohicho, itakwenda saa nne na nusu.

Hapo ndipo fedha ilipo. Msanifu aliyeahidi bango la kesho asubuhi atalimaliza, na mteja hatavuka barabara kwenda kwa jirani. Ikiwa kazi moja inayopotea kila wiki ingeleta faida ya sh. 30,000, hasara ya mwezi ni sh. 120,000, karibu mara nane ya umeme uliookolewa.

Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wengi somo hilo. Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 na ambalo uwezo wake kamili ni megawati 2,115, limeongeza umeme katika gridi ya taifa. Hata hivyo, transfoma ya mtaa ikiungua, bwawa haliwezi kumsaidia mwenye duka siku hiyo.

SPEA

Upande wa matengenezo, kompyuta kubwa bado inaongoza. Pawasaplai yake ikifa, fundi hupata nyingine madukani na kuifunga siku hiyohiyo. Kadi ya michoro hutolewa na kuwekwa yenye nguvu zaidi.

Mashine ndogo haitoi nafasi hiyo kirahisi. Nyingi hutumia adapta maalumu ya nje, na adapta hiyo ikipotea au kuungua, mashine nzima inalala. Katika Mac mini za sasa na Z2 Mini G1a, kumbukumbu haiongezwi baada ya kununua. Mnunuzi analazimika kulipia siku ya kwanza kiasi atakachohitaji mwaka wa tatu. Hilo lina uzito zaidi kwa kuwa bei za kumbukumbu katika soko la dunia zilipanda sana mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu katika kompyuta za akili mnemba.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 830. Spea isiyopatikana Mbeya italetwa kwa basi, na siku za kusubiri hazina mapato. Kwa hiyo anayenunua mashine tatu afikirie kununua adapta ya nne.

Hali ya hewa nayo ina pande mbili. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wake unasaidia mashine ndogo zisizopenda joto. Lakini vumbi la kiangazi huziba njia zake nyembamba za hewa, hivyo ipulizwe mara kwa mara.

ZILIZOTUMIKA

Onyo kubwa ni kwa wanaonunua mashine zilizotumika ili waziuze tena. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache.

Maana yake ni kwamba Z2 Mini ya kwanza, inayoitwa G3, pamoja na P320 Tiny, ziko nje ya mstari. G4 iliyotoka 2018 iko ndani. Kwa macho mashine hizo zinakaribiana, lakini kwa soko ni bidhaa mbili tofauti. Kampuni za ng'ambo zinapozitupa za zamani, bei hushuka, na mfanyabiashara asiyejua anaweza kudhani amepata bahati.

Mashine hizo za zamani hazijafa. Zinaweza kuendelea kuchora, hasa mahali pasipo intaneti. Lakini mnunuzi wa pili atakuwa mgumu kupatikana, na bei ya kununulia lazima ionyeshe hivyo. Kabla ya kulipa, iwashwe, prosesa isomwe kwenye kioo, na kazi nzito iendeshwe kwa nusu saa ili ionekane kama inazima kwa joto.

KODI NA UCHAKAVU

Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kompyuta zinaingia kwa ushuru wa forodha wa asilimia 0. Hilo halifuti gharama nyingine za bandarini na usafiri, na bei inayotajwa mdomoni iulizwe kama imeshajumlisha VAT.

Kwa wanaotunza mahesabu kamili, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka kompyuta katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka. Mashine ya sh. 2,400,000 hukatwa sh. 900,000 mwaka wa kwanza na sh. 562,500 mwaka wa pili. Baada ya mwaka wa tatu inabaki na thamani ya sh. 585,937 katika vitabu. Wanaolipa kodi ya makadirio hawapati unafuu huo, lakini wanaweza kutumia kipimo hicho kujua mali yao inavyoyeyuka.

Kwa hesabu hizo, mashine ndogo inamfaa mwenye kazi za haraka, chumba kidogo na umeme usiotabirika, mradi awe na betri na adapta ya akiba. Mwenye kazi nzito za picha usiku kucha na fundi wa kuaminika jirani atapata zaidi kwa kompyuta kubwa. Asiye na wateja bado asinunue yoyote kati ya hizo. Aanze na mashine ya kati na aandike kila kazi inayoingia na kila inayopotea.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.