Malkia Lueji na Mwindaji wa Kiluba

Vitabu vya mapenzi ya wana wa wafalme vimekuwa vingi siku hizi, na wanafunzi wa sekondari huviazimana mpaka majalada yakabanduka. Binti wa mfalme huyu akutana na mwana wa mfalme yule. Nchi zao zina uadui tangu enzi za mababu. Pana joka, pana upanga wenye uchawi, pana mjomba mwenye wivu. Na katikati ya hayo yote pana watu wawili ambao haifai wapendane, nao wapendana. Wazee wengi huguna waonapo kijana amejiinamia juu ya kitabu cha namna hii usiku wa manane. Mimi siguni. Lakini napenda kuonyesha kwamba mtu aliyekulia kando ya Ziwa Mweru, iwe Chienge kwa Wabwile wa Chifu Puta au Nchelenge, hana haja ya kwenda mbali kuitafuta hadithi ya aina hiyo. Jirani yake tu, huko Mwansabombwe, anakaa Mwata Kazembe wa Walunda, na ufalme ule ni tawi la mti ambao shina lake ni mapenzi ya malkia na mgeni.

Hadithi yenyewe inasimuliwa hivi. Katika nchi ya Walunda, penye mto Kalanyi, ambayo leo imo katika Kongo, palikuwa na mtawala mzee aliyekuwa na watoto watatu mashuhuri: wanaume wawili, Chinguli na Chiniama, na binti mmoja, Lueji. Siku moja mzee alikuwa akisuka mkeka, na kando yake chungu cha maji ambamo alikuwa ameloweka miyaa. Maji yakawa meupe kwa sababu ya miyaa. Wale wanawe wawili wakaja wamelewa, wakaona maji yale meupe, wakadhani ni tembo ambalo baba yao anawanyima. Wakampiga vibaya. Lueji ndiye aliyemwuguza. Mzee kabla hajafa akawanyima wanaume urithi, akamwachia binti lukano.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana asiyejua lukano ni nini hawezi kuonja hadithi hii. Lukano ni bangili ya kifalme ya Walunda, nayo husukwa kwa kano za binadamu. (Msomaji wa Kiswahili ataona jinsi jina hilo lilivyo karibu na neno letu la ukano.) Mwenye kuivaa ndiye mwenye nchi. Si pambo kama taji linalowekwa sandukuni sikukuu ikiisha. Ufalme wenyewe umo ndani yake, na apewaye bangili amepewa watu, mashamba, mito na makaburi ya wazee. Katika vitabu vya siku hizi kila mara pana kitu kama hicho, pete au jiwe la nuru, lakini mara nyingi mwandishi hukitia ili kupamba tu. Katika hadithi ya Lueji kila jambo lapita mkononi mwa mtu kupitia bangili ile.

Basi Lueji akatawala. Kisha akatokea mgeni kutoka nchi ya Waluba, upande wa mashariki, jina lake Chibinda Ilunga. Chibinda maana yake ni mwindaji stadi. Alikuwa mtu wa ukoo wa wafalme wa Kiluba, ila alikuwa hakupatana na jamaa yake aliyekalia kiti, akaondoka na upinde wake na wafuasi wachache. Alijua kuwinda kuliko wenyeji, na alikuwa na adabu ya mtu aliyekulia baraza la mfalme. Lueji alimpokea, akampenda, wakaoana.

Mpaka hapa ni hadithi ambayo kila msomaji wa vitabu vile anaijua. Tofauti ni hii, nayo ndiyo inanifanya niipende zaidi: vitabu vingi huishia arusini, lakini Walunda huanzia arusini. Zikafika siku za mwezi ambazo kwa desturi malkia alipaswa kujitenga, wala hakuruhusiwa kuvaa bangili. Lueji akaivua, akamvika mumewe. Wengine husimulia kwamba aliwaita wakubwa akatangaza mbele yao kuwa tangu siku ile mwenye nchi ni Chibinda. Fikiri ndugu zake walivyoona! Walikuwa wamekwisha kunyimwa urithi kwa kosa la ulevi, wakavumilia kutawaliwa na dada yao; sasa bangili ya baba imo mkononi mwa mtu wa nchi nyingine ambaye juzi alikuwa akitafuta nyama porini. Chinguli akaondoka na watu wake akaelekea magharibi, na jina lake linatajwa katika habari za kuanza kwa ufalme wa Kasanje huko Angola. Chiniama akashika njia ya kusini na magharibi, na wafalme wa Waluvale, wenzetu wa upande wa Zambezi, hutaja kwamba ukoo wao unatoka kwake. Kwa hiyo mapenzi yale yalijenga dola moja na kuvunja nyumba moja kwa siku moja, na wana wa nyumba iliyovunjika wakaenda kujaza nchi nyingine.

Tena si hayo tu. Katika masimulizi mengi Lueji hakupata mtoto. Akampa mumewe mke mwingine, Kamonga, na mwana wa Kamonga ndiye aliyeanzisha mfululizo wa wafalme wakuu wa Walunda waitwao Mwata Yamvo. Mwanamke aliyetoa bangili yake kwa ajili ya mapenzi akatoa na nafasi yake ya kuwa mama wa wafalme. Sijui kama mtunzi wa leo angethubutu kumfanyia hivyo binti shujaa wa kitabu chake, wanunuzi wangelalamika.

Msomaji atauliza: je, yalitokea kweli? Swali hilo ni la haki. Habari hii iliandikwa kwa urefu na Mreno Henrique Dias de Carvalho, aliyesafiri mpaka kwa Walunda kati ya mwaka 1884 na 1888, na wengi waliandika baada yake. Wataalamu wa historia hukadiria kwamba mambo yanayosimuliwa, kama yalitokea, yalikuwa karne ya 16 au ya 17. Lakini wengi wao hawakubali kwamba tunasoma habari za mtu mmoja mwanamke na mtu mmoja mwanamume. Sababu yao watu wa Luapula wanaweza kuielewa kuliko wasomaji wa London, kwa kuwa imo katika desturi ya nyumbani.

Kwa Walunda mtu akirithi cheo hurithi na jina, na jamaa, na hata mambo aliyofanya mwenye cheo wa zamani. Kama Fulani wa kwanza alikuwa ndugu wa mfalme wa wakati ule, Fulani wa kumi ni ndugu wa mfalme wa leo, ingawa damu zao hazikukutana. Mtaalamu wa Kiingereza Ian Cunnison, aliyekaa Luapula kuanzia mwaka 1948 na kutoa kitabu juu ya watu wa bonde lile mwaka 1959, aliandika jinsi mzee wa huko anavyosimulia safari ya babu wa miaka mia mbili iliyopita kwa kusema “mimi”: mimi nilitoka kule, mimi nilivuka mto huu, mimi nilimpiga fulani. Mwenye kusikia asiyejua desturi atadhani mzee amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa, ni cheo kinachosema kwa kinywa chake.

Sasa chukua desturi hiyo uitie katika hadithi ya Lueji. Huenda “arusi” ilikuwa mapatano baina ya cheo cha Walunda wenyeji na namna ya utawala iliyotoka kwa Waluba. Huenda “ndugu” walioondoka kwa hasira ni koo zilizokataa mapatano. Huenda “bangili kuvaliwa na mgeni” ni njia ya kueleza kwa maneno machache badiliko lililochukua vizazi. Wengine wakisikia hivyo husikitika, kana kwamba wamenyang'anywa utamu. Mimi naona utamu umeongezeka mara mbili: waweza kuisoma kama mapenzi, kisha ukaisoma tena kama siasa, na mara zote mbili haina tundu. Tena Lueji mwenyewe ana kiti mpaka baada ya kufa kwake, kwa maana katika baraza la Mwata Yamvo palikuwako cheo cha Swana Mulunda, ambacho hushikwa na mwanamke anayesimama mahali pa Lueji kama mama wa Walunda wote.

Kila taifa lilivuta hadithi upande wake. Wachokwe wa Angola na Kongo hawakujishughulisha sana na machozi ya malkia; wao walimpenda mwindaji. Mafundi wao wa kuchonga, katika karne ya 19, walimchonga Chibinda Ilunga kwa mti, mtu mwenye kilemba kikubwa cha kifalme, miguu na mikono minene, macho ya kutazama mbali. Baadhi ya sanamu hizo zina bunduki mkononi, ingawa katika hadithi alikuja na upinde. Mafundi walimpa silaha ya wakati wao. Moja ya sanamu hizo iko Berlin, nyingine iko Fort Worth huko Marekani. Halafu mtunzi wa Angola, Pepetela, yapata mwaka 1990, alitoa riwaya nzima juu ya Lueji kwa Kireno, akamweka pamoja na msichana mcheza dansi wa Luanda ya siku zetu. Kwa hiyo vijana wa huko hawakungoja joka kutoka ng'ambo.

Watu wa Kazembe walitoka kwa Mwata Yamvo, wakafika Luapula karibu na mwaka 1740, na hapo wakakuta wenyeji, Washila wavuvi na mfalme wao Nkuba. Kisa cha hapo si cha mapenzi ya mke na mume, lakini nacho ni cha falme mbili na mwanamke aliye katikati. Nachituti alikuwa dada yake Nkuba. Nkuba akamwua mwana wa Nachituti. Mama akaenda kwa Kazembe, mgeni, kuomba amlipizie kisasi, na Kazembe akamshinda Nkuba. Nachituti akampa shukrani yake: kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake nchi na ziwa.

Msiichukue kama ngano ya jikoni. Kwa kikapu kile na chungu kile Walunda walieleza haki yao ya kutawala nchi yote ya bonde na maji yake, na mwanahistoria David Gordon alitoa kitabu mwaka 2006 juu ya zawadi hiyo na uvuvi wa Mweru. Mvuvi ambaye kila mwaka hungoja tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi ukiwa umefungwa na serikali, anajua kwamba swali la nani mwenye maji si swali la kale. Na Mshila akikisimulia kisa kile kile hakisimulii kwa furaha ile ile ya Mlunda. Kwa hiyo ukikaa na mzee, sikiliza hadithi, kisha uliza ukoo wa msimulizi.

Nataka kutaja kisa kimoja zaidi, cha Wabemba, kwa sababu ni kinyume cha Lueji. Chiti, kiongozi wao walipotoka nchi ya Waluba na kuvuka Luapula, alimwona Chilimbulu, mke wa Mwase, aliyekuwa na chale nzuri mno tumboni. Akampenda, akalala naye. Mwase akamchoma Chiti kwa mshale wa sumu, akafa. Nkole, ndugu yake, akalipiza kisasi kwa kuwaua Mwase na Chilimbulu, na ngozi ya Chilimbulu yenye chale zile ikahifadhiwa miongoni mwa vitu vitakatifu vya ukoo. Nkole naye, wanasema, akafa kwa moshi wa moto uliochoma maiti za maadui zake, wakazikwa wote wawili Mwalule.

Angalia: Lueji ana jina, ana bangili, ana neno la kusema barazani. Chilimbulu ana uzuri tu, na hata uzuri wenyewe ulichukuliwa na washindi. Alimpenda Chiti? Alimwogopa? Alimchukia Mwase, au alimlilia? Masimulizi niliyoyasikia hayasemi. Kama mwanafunzi mmoja anayekesha na vitabu vya wana wa wafalme ataona kalamu inamwasha, hapo pana mahali pa kuanzia: usiku ule, katika nyumba ya Mwase, kabla ya mshale.