Mpenzi Wako Siyo Ofisi ya Chuo!

Mwenzi wako ana ulemavu na anaanza masomo? Penzi lako analihitaji sana, lakini kuna kazi ambazo ni za chuo. Soma hapa mjue cha kuomba, pa kuomba na wakati wa kuomba.

Mpenzi msomaji, hebu tuongee ukweli. Chukua mfano wa kijana asiyeona aliyepata nafasi ya kusoma chuo mjini Tabora, na mchumba wake anayefanya kazi benki hapo hapo mjini. Muhula wa kwanza mambo ni matamu. Jioni binti anamsomea notsi, wikiendi anamchapia kazi za darasani, asubuhi anamshika mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Majirani wanasifu: "Huyu dada ana moyo!"

Miezi sita baadaye dada hoi. Kaka naye anajiona mzigo, kwa hiyo anaacha kuomba msaada na anaanza kununa. Siku dada anasafiri kikazi, kaka anakosa tesiti. Matokeo yakitoka ana sapu mbili, na kila mmoja kimoyomoyo anamlaumu mwenzake.

Hapo penzi halijapungua hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba kazi ya chuo imehamishiwa sebuleni kwenu!

Siyo fadhila, ni haki

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba unataka elimu ya juu itolewe pamoja na marekebisho yanayofaa kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, na unasema wazi kwamba kumnyima marekebisho hayo ni ubaguzi. Haimaanishi kwamba chuo kitatoa kila kitu unachotamani. Kinatakiwa kufanya linalowezekana bila kuelemewa kupita kiasi.

Wengine wanadhani huko ni kupendelewa. Hapana! Mtihani ni ule ule, kinachobadilika ni njia ya kuufikia. Hata Baraza la Mitihani huongeza muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu hupewa yenye maandishi makubwa. Kama mliyazoea hayo sekondari, kwa nini chuoni mkae kimya?

Mzigo hupimwa kabla ya safari

Tabora si mgeni katika mambo haya. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa mwaka 1963, na Shule ya Furaha imesomesha watoto wasioona kwa miaka mingi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo nacho kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Wataalamu wapo, mjini hapa hapa.

Na kuna somo la zamani zaidi. Enzi za misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Wapagazi walikuwa wajanja: uzito na posho vilijadiliwa mapema, siyo mtu ameshafika katikati ya pori. Na nyie fanyeni hivyo. Ukisubiri wiki ya mitihani, umechelewa.

Fanyeni hivi

1. Tafuteni uthibitisho wa daktari mapema. Kwa anayeomba mkopo wa elimu ya juu, fomu ya ulemavu huthibitishwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Bila karatasi hiyo bumu linaweza kuyeyuka hivi hivi. Someni mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika.

2. Andikeni barua kwa mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara. Jina la ugonjwa peke yake halimsaidii mwalimu. Elezeni kinachokwama na kinachotakiwa: "Sioni maandishi ya ubaoni. Naomba notsi kwa njia ya kompyuta kabla ya kipindi, na muda wa ziada kwenye tesiti na mtihani."

3. Ombeni kinachomfaa yeye. Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Anayetumia kiti mwendo anahitaji darasa na chumba cha hosteli vya chini, na choo anachoweza kuingia. Mwenye ualbino anaweza kuhitaji siti ya mbele na maandishi makubwa. Asiyeona anaweza kutumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye kompyuta. Mwenye kifafa au tatizo la afya ya akili naye ana haki ya kuomba, hata kama kwa macho haonekani na shida.

4. Tunzeni kila karatasi. Mkikataliwa, ombeni jibu la maandishi. Kisha nendeni ngazi ya juu, mkiishirikisha serikali ya wanafunzi. Nje ya chuo kuna CHAVITA kwa viziwi, chama cha wasioona, na SHIVYAWATA linalounganisha vyama vya watu wenye ulemavu.

Na wewe mwenzi je?

Kwanza, muulize kabla ya kusaidia. Pili, msindikize ofisini ukipenda, lakini aongee mwenyewe. Ukimjibia kila swali, wenye ofisi watazoea kukuangalia wewe, na siku usipokuwepo atakosa sauti.

Tatu, usigeuke mkalimani wake wa kila kipindi. Una kazi zako, una siku za kuugua, na siku mkigombana asubuhi, nani atatafsiri lekcha ya saa nne?

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalisemi. Wapo wasioandika barua kwa sababu wanaogopa kuonekana dhaifu mbele ya mchumba. Mtu yuko tayari kudisko kuliko kukiri kwamba haoni ubao. Kama unahisi mwenzi wako yuko hivyo, usimkaripie. Mwambie kwamba kuomba haki yake hakumpunguzii chochote machoni pako, kisha kaeni chini mpange: hili ni la chuo, hili ni la marafiki wa diskasheni, hili ni letu wawili.

Mkiyagawa hivyo, jioni mtapata muda wa kuwa wapenzi tena. Kwa hiyo kalamu na karatasi mezani leo. Chuo kinapofunguliwa, barua iwe imeshafika!