Asoma Vizuri, Lakini Je, Afahamu?

Mtoto wa gredi ya sita, katika shule moja nje kidogo ya mji wa Garissa, alisimama akasoma kifungu cha ufahamu bila ya kukwama hata mara moja. Kilikuwa kisa cha mvuvi aliyeona wingu jeusi, akatua tanga na kutia nanga nyuma ya kisiwa. Sauti nzuri, vituo mahali pake. Mwalimu akamuuliza, "Kwa nini mvuvi alitia nanga?" Mtoto akakitazama kitabu, akaisoma upya ile ile sentensi yenye neno nanga, akaketi.

Mimi niliyekuwa nyuma ya darasa nilijiona mwenyewe. Msomaji uliyepitia chuoni wajua: tulisoma juzuu baada ya juzuu mpaka tukakhitimu, na maana tukaingojea siku ya kukaa mbele ya sheikh wa tafsiri. Hapana aibu katika hilo. Kuhifadhi kwanza na kufahamu baadaye ni njia iliyotoa wanavyuoni wakubwa. Lakini mtihani wa shule haungoji.

Na mtoto huyu ana mzigo kutuzidi sisi wa pwani. Nyumbani ni Kisomali, katika dugsi ni Kiarabu, shuleni ni Kiswahili na Kiingereza. Tangu 1985 Kiswahili ni somo la lazima katika mtihani wa msingi. KCPE ilikwisha 2023, ufahamu ukabaki. Uchunguzi wa Uwezo ulioanza nchini 2009 ulikwenda nyumba kwa nyumba na kisa cha kiwango cha darasa la pili, na watoto wengi wa madarasa ya juu kikawashinda. Kaskazini Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizo nyuma. Juu ya hayo, baada ya walimu kuuawa Kamuthe mnamo Januari 2020, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine waliondoka.

Hata hivyo, dawa moja wenyeji wanayo tangu kale. Wasomali husimulia kuwa Sheikh Yusuf al-Kawnayn, aliyezikwa karibu na Hargeisa, ndiye aliyezipa irabu za Kiarabu majina ya Kisomali, ili mtoto ajue kwa lugha ya mamake ni alama gani iko juu ya herufi na ipi iko chini. Yaani alianzia pale alipo mtoto.

Huko Marekani, mnamo 1988, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 kisa cha mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikifahamu kuliko wasomaji hodari wasioujua. Basi aliyekulia Balambala, nanga ataijulia wapi? Vitabu vingi vya kwetu huandikwa kana kwamba kila mtoto ameiona feri ya Likoni. Ngamia wa maktaba ya taifa, ambao tangu 1996 huwapelekea wafugaji vitabu hadi maboma yao, hubeba kile kilichochapishwa tu.

Mwalimu yule, kijana wa hapo hapo, hakumkemea mtoto. Aliwaambia wafunge vitabu, wakisimulie kisa kwa Kisomali. Darasa likachangamka. Ubishi ukazuka juu ya nanga, mpaka msichana mmoja akasema ni kama kumfunga ngamia miguu ya mbele usiku asitangetange. Mwalimu akachora ubaoni chombo, kamba na chuma chini ya maji. Kisha akarudia swali kwa Kiswahili, na yule wa kwanza akajibu kwa maneno yake: "Aliogopa upepo utamchukua chombo."

Sarufi ina kasoro, ufahamu hauna. Mimi ningempa alama zote.

Kengele ilipolia walinizunguka, maana walikwisha ambiwa natoka baharini. "Adeer," akaniuliza yule msichana, "hayo maji yana chumvi kweli? Na ngamia akiyafikia, atakunywa?"