Ngazi Tatu Mlangoni: Walemavu na Meza za Hoteli, Busia na Tororo

Ndugu wafanyakazi, chama kinapofanya semina, au karamu ya kumuaga mwenzetu anayestaafu, huwa tunakodi ukumbi katika hoteli yenye hadhi, ile yenye vitambaa mezani na mhudumu aliyevaa tai. Hakuna ubaya. Mtu aliyekata miwa au aliyebeba saruji miaka mingi anastahili kuketi siku moja na kuhudumiwa yeye. Lakini yuko mwanachama ambaye mwaliko anaupata, ada yake imelipwa, na hata hivyo haonekani mezani. Mguu wake ulikwenda na mashine, sasa anatumia kiti cha magurudumu, na ukumbi uko ghorofani.

Sheria ya fidia anayo: Kenya ni ile ya mwaka 2007, na Uganda ni ile ya mwaka 2000. Sheria hizo huhesabu mguu, huhesabu mshahara uliopotea. Mlango wa hoteli hazikuuhesabu.

Hapa mpakani jambo hili ni zito kuliko mahali pengi, kwa sababu biashara ya Busia imesukumwa pia na mikono ya walemavu. Wakati wa utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, bidhaa za kiwandani ziliadimika Uganda na magendo yakawa ndiyo soko. Biashara ya kuvuka mpaka ilivyoendelea kukua, walemavu, wengi wao waliopooza miguu kwa polio utotoni, walipata nafasi yao ndani yake. Walikuwa na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zilizochomelewa vyuma imara ili zichukue mizigo, na vijana wa kusukuma nyuma. Maofisa wa forodha walikuwa wakiwalegezea, na wenye mali wakalijua hilo. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao katika mwaka 2007. Jambo kama hilo limeonekana pia kwenye mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville, ambako walemavu walipunguziwa nauli ya feri na wakawa wachukuzi mashuhuri.

Kwa hiyo mtu wa baiskeli ya mikono si mgeni Busia, wala si mwombaji. Huenda mafuta yanayokaangia samaki katika hoteli yalivuka mpaka juu ya baiskeli yake. Saa ya kula ikifika yeye hubaki nje, kando ya mtaro, na sahani hupelekwa kwake kama anayelishwa kwa huruma, ilhali analipa bei ile ile ya aliye ndani.

Tutazame kwa nini anabaki nje. Sababu ya kwanza ni mvua. Majengo yetu ya madukani yameinuliwa juu ya msingi ili maji ya barabarani yasiingie, na mbele yake hupita mtaro. Fundi akishamaliza msingi humwaga ngazi mbili tatu, basi, kazi imekwisha. Hakuna aliyekusudia kumfungia mtu nje. Sababu ya pili ni ufinyu wa kiwanja: meza hubanwa ili waketi wengi, na choo husukumwa nyuma kabisa, chenye mlango ambao hata mtu mnene huupita kwa ubavu. Wenye hoteli kubwa wana kosa jingine, la kupenda fahari: ukumbi mzuri huwekwa juu, penye upepo na mandhari ya Mwamba wa Tororo, bila lifti.

Sasa vipimo, maana mwenye hoteli hupenda kusema ni gharama kubwa. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45. Zidisha kwa 12, utapata mita 5 na sentimita 40. Kama uwanja wa mbele hautoshi, njia inaweza kupinda pembeni ya ukuta, mradi penye kona pawe sakafu tambarare ya kugeukia. Mlango uwe na nafasi ya wazi isiyopungua sentimita 80, na kiti kinahitaji duara la mita 1 na nusu ili kigeuke. Meza iwe na uwazi wa sentimita 70 hivi chini yake, bila ubao wa kuzuia magoti. Kazi hii ni ya saruji, mchanga na fundi mwenye akili. Saruji yenyewe hutengenezwa Tororo, na ninyi mnaoitengeneza mnajua bei yake kuliko mimi.

Lakini kwa Busia vipimo hivyo havitoshi, na hapa ndipo wataalamu wa mijini hukosea. Baiskeli ya mikono ni ndefu, ina gurudumu na pedali mbele ya kifua, haiwezi kusogea mezani hata ungepanua mlango mara mbili. Mwenyewe inambidi ashuke. Akishashuka, ama atambae sakafuni mbele ya wateja, ama abebwe. Hoteli inayotaka kumpokea kwa heshima iweke kiti kimoja cha kawaida cha magurudumu karibu na mlango, na mahali pa kuiegesha baiskeli panapoonekana na askari wa lango. Baiskeli hiyo ndiyo mtaji wake. Mtu hawezi kula kwa utulivu huku akiwaza kama mtaji wake bado uko nje.

Habari ya kubebwa inawahusu pia ndugu zetu wahudumu. Mtu mzima hapandishwi ghorofani kwa upendo peke yake. Wanaitwa wahudumu wawili, mikono ina trei muda mfupi uliopita, na mgongo ukiteguka hakuna anayeandika kwamba ni ajali ya kazini. Wafanyakazi wa hoteli wana vyama vyao, kwa upande wa Kenya ni KUDHEIHA, na kuondoa ubebaji huu ni suala la usalama kazini kama yalivyo masuala ya glavu na buti.

Mtu asidanganyike kwamba jambo hili ni la nchi za vilima laini na barabara nzuri. Uswisi ni nchi ya milima mikali, tena yenye theluji. Huko treni hupanda mpaka Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, na mwenye kiti cha magurudumu hufika na kula mkahawani. Mwamba wetu wa Tororo una mita 1,483, na hakuna anayedai apelekwe kileleni. Tunazungumza juu ya ngazi tatu za barabarani. Wala wazee wetu hawakuwa na tatizo hili. Chungu cha ajon cha Waiteso huwekwa chini katikati, watu hukizunguka, na mirija ni mirefu kiasi kwamba kila mtu hunywa kutoka alipoketi, awe juu ya kigoda au juu ya baiskeli yake. Ngazi zimekuja na hoteli.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Sheria ya Walemavu ya 2003 iliruhusu mwenye jengo aamriwe kulirekebisha, na sasa ipo sheria mpya ya 2025. Uganda ina kifungu cha 35 cha Katiba ya 1995, na sheria ya 2006 ambayo nafasi yake imechukuliwa na ile ya 2020. Inawataka wenye majengo yanayoingiwa na umma kuweka njia na vyoo vinavyofaa. Nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za walemavu katika mwaka 2008. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018. Karatasi, basi, tunazo.

Lakini hoteli husikiliza sauti nyingine kwa haraka zaidi, nayo ni ya mteja anayekodi viti 60. Katibu wa tawi anapokwenda kulipa arubuni ya ukumbi, achukue futi kamba mfukoni. Apime mlango wa mbele, kisha mlango wa choo, aulize chumba cha chini kinachukua watu wangapi. Akikuta ngazi, aandike katika mapatano kwamba njia ya mteremko iwe tayari kabla ya siku ya karamu, na arubuni aizuie mpaka ameiona.